Maswali ya Wasomaji: Bango Lenye Kitu Kimoja

SWALI: Kwa nini bango la filamu lenye alama moja juu ya rangi tupu hunivuta kuliko lile lililojaa nyuso za waigizaji? Au ni mtindo tu wa kupita?

JIBU: Si jambo la jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Lucian Bernhard alitengeneza bango la kiberiti cha Priester lenye njiti mbili na jina la bidhaa, basi. Kwenye filamu anayetajwa zaidi ni Mmarekani Saul Bass. Kwa The Man with the Golden Arm ya mwaka 1955, kisa cha mtu aliyetekwa na heroini, alichora mkono mweusi uliopindapinda kana kwamba umekatwa kwa mkasi butu. Sindano huioni, dawa huioni, lakini mkono ule haukai sawa, na jicho linabaki kuuliza una nini. Mvuto uko hapo. Nyuso zinakujulisha nani yumo. Alama inakutupia fumbo, na ukishaanza kulifumbua umeshasimama mbele ya bango. (Hata hivyo, picha za nyota ziliwekwa kando ya mkono ule. Muuza filamu gani angeificha sura ya Frank Sinatra?)

Ila tahadhari. Mabango mengi ya aina hii yanayosambaa mtandaoni ni ya filamu ambazo watu wameshaziona. Hayo ni ya kukumbusha: unaona kiatu, unatabasamu kwa kuwa unajua ni cha nani. Asiyeiona filamu anaona kiatu. Bango la filamu mpya halina msaada huo, na wabunifu wengi wanaoanza huteleza hapo hapo.

SWALI: Natengeneza bango la filamu fupi. Nitaipataje hiyo alama moja?

JIBU: Kompyuta iache kwanza. Soma mswada na uorodheshe vitu 20 vinavyoshikika mkononi au kuonekana kwa macho. "Upweke" na "matumaini" visiingie, maana havichoreki. Kisha futa kila kitu kinachoweza kuhamia kwenye filamu nyingine kumi bila mtu kushtuka: bastola, moyo, barabara inayopotelea mbali. Vikibaki vitatu, una bahati.

Chukua kimoja ukibebeshe maana ya pili. Tuseme kisa ni cha ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Ufunguo peke yake ni picha ya ufunguo. Ufunguo ambao meno yake yamechongwa kama mapaa, na kichwa chake kimepasuka katikati, umeanza kusema. Ukiongeza tone la damu umeuharibu.

Chora michoro 30 hivi ndani ya vistatili vya sentimita 4 kwa 6, kwa kalamu nene. Kalamu nene haikupi nafasi ya madoido. Ule uliosimama upitishe kwenye programu ya vekta, yaani inayochora kwa mistari isiyopoteza ubora hata ikikuzwa. Tumia rangi mbili, na ya tatu iingie tu ikiwa ina kazi yake. Umbo lililowekwa katikati kabisa kwa rula huonekana limeshuka, hivyo lipandishe kwa asilimia 3 hadi 5 ya urefu wa bango.

Halafu lijaribu. Lipunguze hadi pikseli 120 kwa urefu, mwonyeshe mtu asiyejua filamu kwa sekunde tatu, ulifunike. Usimuulize kama amelipenda, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Muulize ameona nini. Akisema "ufunguo" tu, maana ya pili haijafika. Akisema "chanuo", umbo lenyewe limeshindwa. Rudi kwenye kalamu.

SWALI: Kwenye skrini bango langu lilikuwa jeusi tii. Limechapwa, limetoka kijivu, na maandishi meupe madogo yamezibwa. Kosa la mchapaji?

JIBU: Huenda ni lenu wote wawili. Bango lililojaa picha huficha makosa ya uchapaji, lakini lenye rangi tupu huyaanika yote.

Wino mweusi peke yake, hata kwa asilimia 100, ukitandazwa eneo kubwa huonekana kama makaa yaliyofifia. Uongezewe wino mwingine chini yake, kwa mfano samawati asilimia 60, majenta 40 na njano 40. Pamoja na ule mweusi wa 100, jumla ni 240, na wachapaji wengi hukubali hadi 300 hivi. Ikizidi, karatasi huchelewa kukauka na wino huchafua karatasi inayolala juu yake. Muulize mchapaji kipimo cha mashine yake kabla hujapeleka faili.

Lakini dawa hiyo ndiyo inayoziba maandishi. Sasa wino nne lazima zizunguke herufi ile ile bila kupishana. Ikiteleza moja hata kidogo, rangi inaingia ndani ya herufi. Kwa hiyo maandishi meupe chini ya pointi 8 yaandikwe kwa fonti isiyo na ncha nyembamba, au sehemu hiyo ibaki na wino mweusi peke yake.

Mengine kwa ufupi. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Rangi inayofifia taratibu huweza kutoka kwa ngazi ngazi. Iongezee chembechembe kidogo. Na saizi ya kawaida ya bango la sinema Marekani, inchi 27 kwa 40, kwa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 8,100 kwa 12,000. Alama ya vekta haikusumbui na hesabu hiyo.

SWALI: Ile mistari ya majina chini, iliyoandikwa kwa herufi zilizobanwa, ni lazima?

JIBU: Inategemea mikataba na waliotengeneza filamu. Mikataba mingi hupima urefu wa herufi za majina kulinganisha na za jina la filamu, na upana hautajwi. Ndiyo maana herufi ni ndefu na nyembamba. Kwa hiyo soma mikataba kabla ya kuamua ukubwa wa jina la filamu. Kama hakuna unaokubana, jina la filamu, la mwongozaji na tarehe vinatosha.