Mvukuto Ukirefuka, Mwanga Unapungua

Jumamosi nimewatazama wadogo zangu watatu wakipiga picha ya kauri kwa kamera ya inchi 4 kwa 5, ile kubwa inayotumia filamu moja moja, yaani shiti. Mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, wameuvuta hadi mwisho wa reli, mita ya mwanga ya simu ikasema sekunde 1, nao wakapiga sekunde 1. Shiti ya kwanza nilinyamaza. Ya pili roho iliniuma.

1. Ukiwa karibu hivyo, tafuta fokasi kwa kusogeza sehemu ya nyuma ya kamera, upande wa kioo cha kutazamia. Ukisogeza lenzi, ukubwa wa picha nao unabadilika, na mtakimbizana hadi magharibi.

2. Urefu wa mvukuto ugawe kwa milimita za lenzi, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Lenzi ya 150, mvukuto 300: mbili mara mbili, nne. Sekunde 1 inakuwa 4. Hesabu ya shule ya msingi, na nilikuwa naijua vizuri siku bibi mmoja aliponiletea bangili ya fedha ya mama yake, imechorwa vimaua vidogo kuliko punje ya mchele. Mjukuu alikuwa anasafiri nayo jioni ile. Nikajifunika shuka jeusi saa nzima, jasho linadondokea kioo, lupu ya kukuzia jichoni, najiona fundi. Shiti sita, tundu la lenzi f/22, sekunde 1 kila moja, hesabu nimeisahau. Nilipozitoa kwenye fiksa, dawa ya mwisho ya kusafishia filamu, nikazinyanyua kwenye taa: maji matupu. Ukingo mmoja tu wa bangili, pale dirisha lilipomulika, umebaki kama ukucha. Maua hakuna. Na bangili iko angani.

Nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kubisha hodi.

“Shikamoo bibi. Picha hazikutoka.”

“Marahaba. Hata moja?”

“Hata moja.”

Akanitazama. “Sasa saa nzima ndani ya lile shuka ulikuwa unafanya nini, mwanangu?”

Sijapata jibu hadi leo. Ila utepe wa fundi cherehani unaning'inia kwenye tripodi yangu, na yeyote anayeazima kamera anaazima na utepe.

3. Ukishapata jibu la hesabu, soma karatasi ya filamu. Filamu ya Fomapan 100 ni mvivu mwanga ukiwa hafifu: sekunde 10 inataka 80.

4. Zima feni. Funga shata, mlango wa lenzi, kabla ya kuvuta slaidi, kile kifuniko cha filamu. Wewe wa Jumamosi, ndiyo, wewe.