"Mama ana presha": presha ipi?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni muuguzi. Wodini kwetu tunabishana: tuseme "homoni ya stresi imepanda" au "homoni za msongo zimepanda"? Mwenzangu mmoja anasema hayo yote ni ya vitabuni, tuseme tu "mgonjwa ana presha" kwa kuwa kila mtu anaelewa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Tuanze na sarufi, maana ni fupi. Homoni, yaani kemikali ya mwili inayopeleka amri kwa njia ya damu, iko katika ngeli ya I-/ZI-, pamoja na nyumba na dawa. Homoni moja imepanda, homoni nyingi zimepanda. Na kwa kuwa mwili ukishtuka hutoa homoni zaidi ya moja, wingi ndio unaofaa. Neno lenyewe alilianzisha Ernest Starling, mwanafiziolojia wa London, mwaka 1905, akalitoa kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Stresi ni Kiingereza kilichotiwa irabu. Msongo ni letu, linatokana na kusonga, kule kubana na kukandamiza ambako kila anayesonga posho anakujua kwa mikono yake. Ukisema stresi sitakugombeza. Neno hilo wanalo wanafunzi, madereva na mapadri, na halijamdhuru mtu.

Presha inadhuru. Hapo ndipo mwenzako amekosea, na ameniudhi kwa kosa ninaloliandama kila nikilisikia.

Chukua sentensi yake hiyohiyo, "Mama ana presha", uiseme nje ya wodi mbele ya jamaa za mgonjwa. Daktari anayepita anasikia kipimo, tuseme 160/100. Binti anasikia kwamba mama amejaa mawazo tangu kaka alipofukuzwa kazi. Shemeji anasikia kwamba mama ana papara na anawasukuma watu, kama tunavyosema "acha kunipa presha". Wote wanaitikia kwa kichwa, na muuguzi anaondoka akiamini ameeleweka. Sasa fuata sentensi hiyo mpaka nyumbani. Binti anakataza mama asiambiwe habari mbaya. Shemeji anasema mama ajifunze kutulia. Baada ya miezi michache kaka anapata kazi, nyumba inachangamka, mama anacheka tena. Vidonge? Vya nini, na presha imekwisha! Vinawekwa kabatini. Lakini damu haina habari ya kazi ya kaka. Shinikizo lake linaendelea kuwa juu, bila kuuma na bila kuwasha, mpaka siku mshipa wa ubongo unapopasuka au figo zinaposhindwa. Msiba ukitokea, watu wanasema mawazo yamemwua. Kumbe aliambiwa jina la ugonjwa wake kwa neno lililomaanisha jambo jingine.

Sentensi hiyo hudhuru hata ikigeuzwa. Kijana anayekaribia mtihani, moyo unamdunda, viganja vinatoa jasho, usingizi hauji. Anaingia duka la dawa na kusema, "Nina presha." Muuzaji asiye na kipimo mkononi anampa vidonge vya kushusha shinikizo la damu. Shinikizo lake lilikuwa sawa. Alichohitaji ni mtu wa kumsikiliza na usiku mmoja wa kulala.

Mwenzako atasema kuwa mambo haya mawili yana uhusiano. Ni kweli, na nitakueleza uhusiano huo ulivyo, maana ndio unaoonyesha kwa nini majina lazima yawe mawili. Ukiona nyoka njiani, neva hupeleka habari mara moja kwenye tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, na kiini chake humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda. Nyoka akipita, adrenalini hupungua kwa dakika chache na shinikizo hurudi mahali pake. Njia ya pili ni ya taratibu. Hipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo upande wake wa chini, huamsha tezi ya pituitari inayoning'inia chini yake, pituitari hutuma homoni yake kwa damu hadi adrenali, na ganda la tezi hiyo hutoa kortisoli. Kortisoli huongeza sukari katika damu, hupoza uvimbe, huisaidia mishipa kuitikia adrenalini. Kisha, na hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote, kortisoli yenyewe hurudi ubongoni na kuzima amri iliyoizaa. Ikitosha, hipothalamasi na pituitari hunyamaza.

Kwa hiyo hata neno "zimepanda" halitoshi, dada yangu. Kortisoli hupanda kila alfajiri kwa mtu mzima wa afya. Hufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka na kushuka mpaka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kupanda kwake ndiko kunakokuondoa kitandani. Tatizo ni pale homoni zinapobaki juu, wiki baada ya wiki, kwa sababu ya deni, vita, ndoa mbaya au kumwuguza mtu asiyepona. Hapo usingizi huharibika, kinga hulegea, sukari hupanda, mafuta hujikusanya tumboni. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo, nacho ni kubaki. Sema "zimebaki juu".

Na wanaotangaza dawa za "kuondoa kortisoli mwilini" wanatangaza hatari kwa lugha ya usafi. Thomas Addison, daktari wa Uingereza, alieleza mwaka 1855 ugonjwa wa watu ambao tezi za adrenali zimeharibika, na kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa vilivyoziharibu. Mgonjwa wa namna hiyo hudhoofika, hukonda, shinikizo lake la damu huanguka, na asipotibiwa hufa. Kortisoli hudhibitiwa, haiondolewi.

Najua utetezi unaokuja baada ya haya: hapa ni Uganda, Kiswahili chetu ni cha kambini na sokoni, kinatosha. Siukubali. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nyinyi wa West Nile, eneo lenu la Arua, mlikuwa mkikisema kabla ya maazimio hayo yote. Msomaji wa Arua anastahili Kiswahili kinachoweza kumwambia mgonjwa anaumwa nini.

Siwezi kulifuta neno presha vinywani mwa watu, wala sitajaribu. Bibi akija na kusema "nina presha", usimkosoe. Mwulize: "Ulipimwa ukaambiwa, au ni mawazo yanakusumbua?" Jibu lake litakupa neno la kuandika. Ukimpima mara kadhaa, siku tofauti, na ukakuta 140/90 au zaidi, andika "shinikizo la damu", pamoja na namba, kisha umwambie kwa sauti kwamba vidonge haviachwi kwa sababu moyo umefurahi. Kama kipimo ni cha kawaida na halali usiku, andika "msongo wa mawazo". Akiwa na yote mawili, andika yote mawili, kila moja kwenye mstari wake.