Maswali ya Wapenda Picha

Nina lenzi ya milimita 18 na filta ya polaraiza, ile ya kuzungusha inayokoleza anga na kupunguza mng'ao. Nikipiga Ziwa Viktoria asubuhi, anga linakolea katikati tu na kupauka pembeni. Nimeuziwa filta mbovu? *Msomaji, Entebbe*

Filta yako ni nzima. Anga haliitikii polaraiza sawasawa kila mahali; huitikia zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na lenzi pana inameza ukanda huo pamoja na anga lililo nje yake. Utautambua kwa mkono: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha gumba lifanye pembe mraba, kisha zungusha kifundo cha mkono. Linakopita gumba ndiko anga litakakokolea. Asubuhi jua likiwa mashariki, gumba linakwenda kaskazini, utosini, kisha kusini, na ziwa lako liko kusini. Doa linasimama katikati ya picha. Vuta lenzi hadi milimita 35 au zaidi, au zungusha filta kidogo ili ukali wake upungue. Karibu na saa saba mchana, hasa Machi na Septemba, jua la Ikweta liko utosini na ukanda unalala kuzunguka upeo wote, hivyo kushoto na kulia hulingana.

Kwa mng'ao wa maji, inamisha kamera uyatazame kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake, kisha zungusha filta polepole: mawe ya chini yataanza kuonekana. Ukigeuza kamera isimame wima, zungusha filta upya. Wengi husahau hapo. Tena filta hii hula mwanga hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inaweza kushuka hadi 1/60.

Printa yangu ya wino ilikaa mwezi bila kazi, sasa inaacha mistari myeupe. Ninunue wino mpya? *Msomaji, Mbale*

Usinunue bado. Chapisha ukurasa wa kupima matundu kutoka kwenye menyu ya printa. Mistari ikikatika, wino umekauka kwenye kichwa, sehemu yenye matundu ya kutoa wino. Safisha kichwa mara moja kwa menyu hiyo hiyo, pima, rudia mara mbili tu, kisha iache usiku kucha. Kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji, na katriji nzima inaweza kuishia huko.

Kosa kubwa ni kuzimia ukutani. Ukitumia kitufe cha printa, kichwa hurudi kwenye kifuniko chake cha mpira. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi na kukauka. Umeme ukirudi, washa, subiri itulie, zima kwa kitufe. Chapisha picha moja ya rangi zote kila wiki. Kama unachapisha picha tano tu kwa mwezi, tafuta printa ya utepe wa rangi, inayotumia joto: haina wino wa kukauka, ila nyingi hutoa sentimita 10 kwa 15 tu. Pikseli 1,800 kwa 1,200 zinatosha ukubwa huo.

Kamera ya mfukoni iwe na megapikseli ngapi? *Msomaji, Kasese*

Megapikseli 12 zinatosha hata A4. Uliza sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: ile iitwayo ya inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara nne ya sensa ndogo iitwayo ya inchi 1/2.3, ndiyo maana picha zake za jioni hazina chenga nyingi. Tazama pia mbele ya lenzi, maana nyingi hazina hesi ya kufungia filta. Ukibandika pete ya gundi ya kushikia filta, hakikisha kwanza lenzi inaingia na kujifunga bila kukwama.