Kabla hujauza medali za babu, tafuta tarehe ya meli

Juzi nimepata meseji ya msomaji wa Tanga, kijana kwa jinsi anavyoandika. Ananiambia, dada shikamoo, nyumbani kuna medali tatu za babu yetu aliyepotea baharini wakati wa vita vya Hitler, sasa kuna jamaa amekuja anazitaka kwa bei ya kutupa na anasema hazina jina hata moja kwa hivyo haziwezi kujulikana ni za nani. Nilisoma nikahisi joto la usoni, manake maneno hayo hayo mamangu aliwahi kuambiwa na mnunuzi mmoja hapa Mombasa, na mjomba mmoja wa ukoo alikuwa karibu kukubali.

Kwanza niliseme hili liishe. Medali za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina. Za Vita vya Kwanza ndizo zilichongwa jina na namba ya askari, ukingoni kwa zile za duara na nyuma kwa ile nyota ya 1914-15. Za vita vya pili, wa Afrika Kusini na wa Australia waliandikiwa majina, wengine wengi tulipewa tupu, na sio sisi Waafrika peke yetu, hata Mwingereza wa London alipewa tupu. Kwa hivyo mtu akikuambia haina jina basi ni feki au haina mwenyewe, huyo ama hajui ama anajua sana na anataka kukuibia mchana.

Sasa zetu. Babu ninayemsema ni mjomba wa mamangu, Mkamba wa Machakos, na kwa ukoo mzima alijulikana kama babu baharia. Nilikua nikisikia hivyo, babu baharia alizama na meli ya Mzungu. Kwenye kisanduku cha mama kulikuwa na nyota mbili za shaba na medali moja ya duara ya rangi ya fedha, ile ina simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Nilipoanza kumtafuta kila mtu aliniambia tafuta kwa wanamaji, na kwa wanamaji hakuna kitu, jina halipo wala linalofanana nalo halipo, nikakaa hivyo muda mrefu sana na mama ananiuliza kila Krismasi.

Kilichofungua mlango ni mzee mmoja wa kijijini kwao aliyesema tu kwamba meli iliondoka Kilindini na vijana wengi sana kuelekea upande wa Bara Hindi, na haikufika. Jina la meli hakulijua. Lakini meli iliyotoka Kilindini na vijana wengi ikakosa kufika, hiyo inajulikana. Ni Khedive Ismail.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu watu wetu wengi hawajaisikia na ilibeba watu wetu. Ilijengwa Scotland 1922 kwa kampuni ya Chile ikiitwa Aconcagua, baadaye ikanunuliwa na Wamisri ndio ikapata hilo jina, vita vikaja ikawa ya kubeba wanajeshi. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa ikiwa kwenye msafara wa KR 8, meli tano za abiria zinalindwa na manowari, zinaenda Colombo, Sri Lanka ya leo. Ndani kulikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja, 301 Field Regiment cha East African Artillery, yaani wapiga mizinga wa huku kwetu na maofisa wao Waingereza. Wengine ni mabaharia wa meli yenyewe, wanamaji wa Uingereza, na wauguzi wa jeshi.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikairushia torpedo, yaani makombora ya majini, na mawili yakaipata. Wengi walikuwa chini wanaangalia burudani. Meli ilizama kama dakika mbili hivi, dakika mbili! Mtu yuko chini ya sitaha tatu, ngazi imevunjika, atafika wapi. Na waliofanikiwa kuruka majini yaliwakuta mengine, kwa sababu nyambizi ilijificha chini yao na manowari Petard ikalazimika kudondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji palepale walipokuwa wanaelea. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hiyo hiyo. Kwa jumla walikufa watu 1,297, wanawake 77 wakiwemo, waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Mimi nikisoma hiyo ya mabomu kwa waliokuwa wanaelea huwa nasimama, natembea kidogo ndio narudi.

Basi ndio nikaelewa babu hakuwa mwanamaji, alikuwa mpiga mzinga na bahari ndiyo iliyomchukua, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza watu wengi hawapati wazee wao. Familia inakumbuka alivyokufa, haikumbuki kazi aliyoandikiwa. Medali nazo hazikusaidii hapo kwa sababu nyota ya 1939-45 wote walipewa, ule utepe wake ni bluu iliyoiva kwa wanamaji, nyekundu kwa jeshi la nchi kavu na bluu ya maji kwa wa ndege, mistari mitatu sawa, haichagui. Ukiona Atlantic Star, ule utepe wa bluu, nyeupe na kijani zinazochanganyikana kama maji, hapo ndio fikiria meli kwanza. Nyota ya pili ya babu ni Africa Star, maana yake kabla ya kupanda meli alishakuwa vitani kaskazini au mashariki ya Afrika, na kwa askari wa huku kwetu pengine ni vile vita vya Abyssinia (Ethiopia) na Somalia. Hakuwa kijana aliyeokotwa jana akatupwa melini, alikuwa askari mzoefu, na hilo hakuna mtu nyumbani aliyelijua miaka yote hiyo. Mama aliponisikia alinyamaza akasema kumbe.

Kwa hivyo ushauri wangu, na nitaurudia mpaka mchoke: anza na tarehe, usianze na jina. Majina yetu yaliandikwa na karani aliyesikia anavyosikia. Musyoka ni Musioka, Mutisya ni Mutisia, wengine wameandikwa jina moja tu bila la baba. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure kwenye intaneti, kwa hivyo acha sehemu ya jina wazi, weka tarehe ya kufa na weka kikosi, East African Artillery, afu soma majina yote moja moja. Ndivyo nilivyompata, na herufi mbili za jina lake zimekosewa, ila namba ya jeshi ipo, na ukishakuwa na namba hakuna anayekutikisa. Anza na tarehe.

Na kama wako kweli alikuwa mwanamaji wa Uingereza na hana kaburi, basi tafuta kwenye minara ya kumbukumbu ya wanamaji kule Uingereza, Chatham, Portsmouth na Plymouth. Kama alikuwa baharia wa meli za biashara tafuta mnara wa kumbukumbu wa Tower Hill, London, na medali za hawa ziko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, faili za BT 395. Ripoti za misafara ziko hapo hapo, ADM 199. Tarehe tena, mnaona.

Hapa nikiri bado nina donge. Kuna ofisi moja nilienda na picha za medali mkononi, mtu akaniambia bila hata kuinua macho, hao walikuwa wapagazi tu, hawakuandikwa. Kwanza si kweli, babu ameandikwa. Pili hata wapagazi walikuwa watu. CWGC wenyewe mwaka 2021 walitoa ripoti wakakubali kwamba watu wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Mombasa mjini kuna sanamu ya askari ina maandishi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako wanao watalikumbuka jina lako, na jina lenyewe halijachongwa hata moja! Basi wana ndio sisi. Serikali haikuandika, andika wewe. Jamani tunajua majina ya wachezaji wa timu ya Ulaya mpaka wa akiba, na babu mwenye nyota mbili hatumjui kikosi? Tuache hiyo.

Medali zenyewe usizisugue na brasso, zikiwa nyeusi ziache nyeusi. Utepe ukichakaa usiutupe, uweke pamoja nazo. Andika karatasi moja yenye jina kama lilivyo kwenye orodha, jina kama mnavyomwita nyumbani, namba, kikosi, meli na tarehe, afu piga picha karatasi na medali vikiwa pamoja mtume kwa ndugu wote, hapo hata mjomba akitaka kuuza usiku ukoo mzima unajua ni za nani. Sisi tumefanya hivyo na mjomba siku hizi ndiye anayewaonyesha wageni.

Wadogo zangu wa Tanga, Mwanza na Uganda, msitafute kwenu tu. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail wamo kwenye ukuta wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na walitoka nchi zote hizi. Nilimpeleka mama, aliweka kidole juu ya jina akakiacha hapo mpaka nikamwambia mama twende, mvua inakuja. Nitarudi tena mwezi ujao kwa shughuli nyingine. Ukishampata wako kwenye orodha niandikie jina kama lilivyoandikwa, namba ya jeshi na namba ya safu ya ukutani, nitakupigia picha nikutumie, silipishi. Wewe wa medali tatu, nisubiri kwanza, huyo jamaa mwambie arudi baadaye.