Shangazi, Nimekwama Ukurasa wa 30

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Malindi, nauza dukani mchana na usiku husoma. Nimenunua *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah baada ya kusikia habari za ile Nobel yake ya 2021, nikakwama ukurasa wa 30. Sioni kinachotokea. Kabla yake *Vuta N'kuvute* nilikimaliza kwa siku 3. Je, nikiache? Na wewe umesoma nini karibuni? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikiache bado, na sikwambii hivyo kwa ajili ya Nobel. Mimi mwenyewe nilikisoma zamani kwa Kiingereza, kile kilichotoka 1994, nikakirudisha kabatini wala kisinikae moyoni. Mwaka huu nimekisoma kwa Kiswahili chake Ida Hadjivayanis, na safari hii nimesoma kwa sauti. Mama yangu ana mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma. Kila baada ya alasiri tunakaa dakani, hapa Mkomani, Lamu. Yeye anasuka ukili kwa kupapasa, mimi namsomea mpaka mwangaza uishe.

Pale ulipochoka wewe ndipo Mama alipozinduka. Yusuf ana miaka 12. Aziz, tajiri anayemwita ami, kila akija kwao humpa sarafu, na mtoto huingojea kwa hamu. Siku moja anafungiwa kifurushi chake, anapandishwa gari la moshi pamoja na Aziz, bila kuelezwa lolote la maana. Vidole vya Mama vikasimama juu ya ukili. "Ami gani huyo?" akaniuliza. "Mwana huyo kawekwa rehani."

Nami nilikuwa sijafika kwenye habari za deni la baba! Niliposoma kwa Kiingereza sikulitambua mpaka Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, alipomfumbua macho Yusuf. Mama alilisikia katika ukimya wa wazazi. Sisi watu wa pwani tumelelewa na maami na mashangazi chungu nzima wasio wa damu, ndiyo maana neno hilo likamchoma. Kinachotokea katika kurasa zile ulizozipita, mwanangu, ni yale ambayo wakubwa hawayasemi mbele ya mtoto.

Ila sitakuficha, msafara wa biashara wa Aziz kwenda bara ulinichosha. Wapagazi, mizigo, hongo kwa kila mtawala wa njiani, na Mama alisinzia mara mbili. Ningekuwa mhariri ningepunguza. Wanapofika kwa Chatu, mtawala mmoja wa huko bara, mambo yanachemka tena, na ile bustani ya Aziz yenye ukuta haijanitoka kichwani.

*Vuta N'kuvute* nimekirudia Ramadhani iliyopita. Ni kweli, Adam Shafi hakuachi upumue. Lakini mimi nakisoma kwa ajili ya Yasmin, yule msichana aliyeozwa Bwana Raza mzee akatoroka. Denge, yule kijana mpigania uhuru, na siasa zake namheshimu tu. Kila akianza kuhutubia natamani turudi kwa Yasmin. Kwa siasa nakipenda zaidi *Kuli*, cha Adam Shafi huyohuyo. Mle Rashidi anaamka polepole, kwa jasho la gatini, mpaka unafika mgomo wa makuli wa Unguja.

Basi rudi ukurasa wa kwanza, usome kwa sauti, hata kama ni peke yako ukishafunga duka. Ukifika kwa Chatu na bado hujaonja kitu, kifunge, hakuna atakayekulaumu. Mwisho wake sikwambii. Mimi na Mama tumebishana sana juu ya alichokifanya Yusuf, na mpaka leo tukikaa dakani, kabla hajashika ukili, huniuliza kama nimebadili mawazo.