Raifo fupi ya pointi 22 kwa anayefanya kazi porini: uchague ipi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Moshi, kazi yangu ni kupima maeneo ya kuchimba visima. Mara nyingi tunaingia Simanjiro na tambarare za Same, mbali kabisa na barabara. Gari likifa kule, msaada unaweza kuchukua siku mbili tatu. Nataka kuomba leseni ya raifo ndogo, fupi, isiyokula nafasi kwenye Land Cruiser, ya kunipatia kitoweo hali ikiwa mbaya. Nimeona ile ya Kimarekani inayofunguliwa vipande ikaingia yote ndani ya kitako chake. Nimeona na Ruger inayogawanyika mara mbili. Pia kuna mzee jirani anauza Brno ya zamani, raifo ya Kicheki ya bolti. Je, mtutu mfupi hautapunguza nguvu ya risasi? Pointi 22 inatosha, au nitafute kubwa kidogo? Na nikishaipata, nyuma ya siti ni mahali pazuri pa kuiweka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa kazi yako na kwa nchi yetu, chukua ya bolti, pointi 22 ile ya kawaida inayoandikwa .22 LR (kipenyo cha inchi 0.22), yenye mtutu wa sentimita 40 hadi 50. Kama Brno ya huyo mzee haijaliwa na kutu ndani, ndiyo ninayoipendelea kati ya hizo tatu, hata mtutu wake ukizidi hapo kidogo.

Tuanze na sheria, maana inapunguza uchaguzi mapema. AR-7 (ndilo jina la asili la hiyo inayoingia kwenye kitako) na Ruger 10/22 (hiyo inayogawanyika) zote mbili hujijaza zenyewe kila unapofyatua. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa silaha ya namna hiyo. Sasa wewe unaitaka kwa kitoweo. Utakuwa umenunua chombo ambacho kwa shughuli uliyokinunulia huruhusiwi kukitumia. Ya bolti haina shida hiyo, kwa sababu kila risasi unaiingiza kwa mkono wako.

Lakini hata sheria ingeruhusu, bado ningekuambia bolti. Pointi 22 haina fataki katikati ya ganda kama risasi kubwa. Kemikali ya kuwasha baruti imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga ukingo huo. Utengenezaji wake ni wa bei nafuu, ila kemikali ikikosa kuenea vizuri, risasi inagoma. Bunduki ya kujijaza inategemea nguvu ya kila risasi ili ifanye kazi. Ikipata dhaifu, ganda halitoki sawasawa na bunduki inakwama, na masizi na mabaki ya nta na ya madini ya risasi yakijaa inakwama zaidi. Bolti haijali. Risasi ya polepole, ya kasi, ya kampuni hii au ile, unavuta, unasukuma, unaendelea. Mtu aliyekaa porini siku ya pili bila mawasiliano hapaswi kuanza kuchagua aina ya risasi.

Kuhusu mtutu mfupi, hofu yako haina msingi, na napenda hili lieleweke kwa sababu nasikia watu wakilibishania sana. Risasi ya .22 LR ina baruti kidogo mno. Mtutu ukifika sentimita 40 hivi, baruti hiyo imeshaungua karibu yote na imeshatoa kasi yake. Ukiongeza urefu hadi sentimita 60 unapata kasi kidogo sana, na kwa risasi nyingine unaipoteza, kwa sababu gesi haisukumi tena na msuguano unaanza kuirudisha nyuma. Kwa hiyo raifo fupi ya pointi 22 inapiga kwa nguvu ileile, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu raifo kubwa. Unachopoteza ni kingine. Mlio unakuwa mkali zaidi sikioni, na umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele unapungua. Kosa dogo la jicho kwenye vilengeo vilivyokaribiana linakuwa kubwa kule mbele. Ndiyo maana nasema usishuke chini ya sentimita 40.

Sasa hizo zinazofunguliwa. AR-7 ilitolewa na kampuni ya ArmaLite ya Marekani mwaka 1959, mchoro wa Eugene Stoner, yule aliyebuni raifo maarufu ya AR-15. Chimbuko lake ni raifo nyingine, AR-5, iliyobuniwa kwa ajili ya marubani wa kijeshi wa Marekani. Leo kampuni ya Henry ndiyo inayoitengeneza: kilo 1.6 hivi, ikifungwa ndani ya kitako inabaki na urefu wa sentimita 42, na ikidondoka majini inaelea. Ni kazi ya akili sana, siibezi. Lakini tatizo lililotatuliwa pale ni la mtu anayeruka kutoka kwenye ndege na mzigo uliofungwa chini ya kiti chake. Warusi nao waliwaza hivyo baada ya mwaka 1965, pale wanaanga wao Leonov na Belyayev walipotua na chombo chao cha anga mbali na walipotarajiwa, katikati ya msitu wenye theluji. Baadaye wanaanga wa Kirusi wakatengenezewa bunduki maalumu ya mitutu mitatu, TP-82. Wewe una Land Cruiser. Raifo ya bolti yenye urefu wa mita moja hivi haitakunyima nafasi.

Na kuna gharama ya kufungua vipande ambayo muuzaji hakuambii. Kwenye AR-7 kilengeo cha mbele kiko kwenye mtutu, cha nyuma kiko kwenye mwili. Kila unapofungua na kufunga, hivyo viwili vinakutana upya, na nati ya mtutu usipoikaza vilevile kama jana, shabaha inahama. Ruger inayogawanyika wameifanya vizuri zaidi, vilengeo vyake vyote viwili viko kwenye mtutu, kwa hiyo hutembea pamoja. Ukiifunga darubini, lakini, inakaa kwenye mwili, na umerudi kwenye tatizo lilelile. Bolti isiyofunguliwa ukiipanga shabaha leo, utaikuta ilipo mwezi ujao.

Je, pointi 22 inatosha? Kwa kanga, kwale, sungura na pimbi inatosha kabisa ndani ya mita 50, ukilenga kichwa au shingo. Risasi yake ina gramu 2.6 na hutoka kwa kasi ya mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Ukiipanga shabaha kwa mita 50, ikifika mita 100 itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 20, na upepo wa mchana wa Simanjiro utaisukuma pembeni vya kutosha kukosa sungura au, vibaya zaidi, kumjeruhi. Mita 50 uzichukulie kuwa mwisho wako. Mnyama akiwa mbali zaidi, sogea au mwache.

Zipo kubwa kidogo. .22 Magnum ina nguvu zaidi ya mara mbili ya LR, na .22 Hornet ina zaidi ya mara tano. Hornet ndiyo iliyotumika kwenye raifo za kwanza za marubani wa Marekani, M4 na M6. Ni risasi nzuri. Lakini ni ghali zaidi, nzito zaidi na adimu zaidi. Risasi 100 za LR hazifiki gramu 400, unazitia mfukoni. Kabla hujaamua kaliba (kipenyo cha mtutu) yoyote, pita kwanza kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni pale Arusha au Dar es Salaam umwulize ana risasi gani rafuni leo na alikuwa na zipi mwaka jana. Bunduki isiyo na risasi dukani itakaa ndani ya kasiki mpaka uzeeke.

Jambo moja naliweka wazi, kwa sababu linaua watu: pointi 22 si silaha ya kujilinda dhidi ya nyati, simba wala tembo. Nguvu ya risasi yake ni jouli 140 hadi 190 tu. Kwa wanyama hatari kipimo cha chini katika uwindaji wetu ni kaliba ya .375, na .375 H&H hutoa zaidi ya jouli 5,500. Nyati umpigaye kwa pointi 22 hasimami, anakasirika. Ukimwona, bunduki ibaki begani, wewe rudi kwenye gari taratibu.

Na kabla ya bunduki, maji. Nimewafundisha vijana wengi wa misafara, na swali la bunduki huja siku zote kabla ya swali la maji, wakati ilipaswa kuwa kinyume chake. Siku mbili tatu bila chakula hazimwangushi mtu mzima mwenye afya. Siku mbili tatu bila maji kwenye joto la tambarare za Same zinamwua. Tena nyama tupu isiyo na mafuta, kama ya sungura au kanga, inaudai mwili maji zaidi ili kutoa mabaki ya protini kwa njia ya mkojo. Kama maji yako yamekwisha, usile nyama hiyo hata ukiwa nayo mkononi. Pakia lita 40 za akiba, kisha tuzungumze raifo.

Mipaka nayo uijue vizuri. Huko unakofanyia kazi umepakana na Hifadhi ya Tarangire upande mmoja na Mkomazi upande mwingine. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuingia na silaha bila kibali, hata kama leseni yako ya umiliki ni safi na bunduki imefungwa kwenye begi. Nje ya hifadhi, kanga na sungura nao ni wanyamapori. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda, ni karatasi mbili tofauti. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya safari, umweleze kazi yako, akuonyeshe unachoruhusiwa na wapi. Na hiyo Brno, mzee hawezi kukukabidhi mkononi kwa sababu mmeelewana bei. Umiliki wa silaha chini ya sheria ya mwaka 2015 unapita polisi. Maombi yako yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji chako na kupanda juu, kwa hiyo anza mapema.

Ukienda kuikagua, toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutoka nyuma. Mistari ya mzunguko ionekane mikali na inayong'aa. Madoa meusi kidogo yanavumilika, vishimo vya kutu havivumiliki. Halafu angalia ukingo wa chumba cha risasi, pale pini inapogonga. Bunduki za pointi 22 zilizofyatuliwa sana bila risasi huwa na kovu pale, maana pini imekuwa ikigonga chuma badala ya ukingo wa ganda. Kovu likiwa kubwa, maganda yanang'ang'ania ndani na risasi zinagoma. Fundi anaweza kulirekebisha, lakini bei ishuke. Mwisho jaribu kucha inayovuta ganda kwa kuingiza na kutoa ganda tupu mara kadhaa. Hicho ndicho kipande kinachochakaa kwanza.

Vumbi la huku kwetu ni laini mno, na mafuta mengi kwenye bolti hulikusanya likawa tope. Futa, pakaa tone, futa tena. Darubini ukitaka, ndogo ya kukuza mara nne yatosha, lakini vilengeo vya chuma usiving'oe.

Risasi ikigoma, usifungue bolti papo hapo. Wakati mwingine kemikali huchelewa kuwaka. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu nusu dakika, ndipo uitoe. Na kila unapofyatua, ujue kuna nini nyuma ya mnyama. Kirisasi hiki kidogo kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na kwa kuwa ni cha madini laini chenye kasi ndogo, kinadunda vibaya kwenye mwamba, kwenye ardhi kavu na hata juu ya maji. Simanjiro unayoiona tupu ina mtoto anachunga mbuzi nyuma ya migunga. Usimpige ndege aliye juu ya mti kwa raifo. Subiri ashuke, udongo uwe nyuma yake.

Ukishapata leseni, nunua boksi moja moja la aina tatu za risasi, nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga na upige tano tano kwa mita 50. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na bei haikuambii ni ipi. Aina itakayoweka tano zote ndani ya eneo la kizibo cha soda ndiyo yako. Nunua hiyo tu, upange vilengeo kwa hiyo, na usichanganye.

Nyuma ya siti, hapana. Gari linaegeshwa, linaoshwa, linapelekwa gereji Arusha na dereva mwingine, na siku moja silaha yenye jina lako inakuwa mikononi mwa mtu usiyemjua. Ukiwa safarini iwe imefungwa kwenye begi lake, tupu, bolti imetolewa na iko kwako, risasi kwenye boksi lingine lenye kufuli. Usiku ilale ulipolala wewe. Na ukiwa Moshi, iwe kwenye kasiki la chuma lililofungwa ukutani, ufunguo usijulikane hata na mdogo wako.