Kumwandika mzee aliyepigana Vita vya Kagera: msianzie vitani

Zipo familia hapa Unguja na Pemba zenye mzee aliyekuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wakati wa Vita vya Kagera, na nyingi huahirisha kuyaandika maisha yake mpaka siku ya maziko, ambapo wasifu hutungwa kwa haraka, ukawa vyeo na tarehe tu. Mimi nimemwandika baba yangu, mzaliwa wa Wete, aliyeongoza platuni ya askari wa miguu akiwa luteni. Nawaeleza nilivyofanya kwa sababu kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1979 sasa ameshapita 70, na muda haumsubiri mtu.

Nasaha yangu ya kwanza ni kwamba msianze kwa kumuuliza alipigana wapi. Mkiuliza hivyo mtapewa habari ambayo kila mtu anaijua: kwamba majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa, na kwamba Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Ni kweli tupu, lakini humo hamna baba yenu. Muulizeni aliingiaje jeshini na nani alimkataza, katika chuo cha maofisa cha Monduli alifundishwa nini, na zaidi ya yote muulizeni habari za askari aliokuwa akiwaongoza. Luteni wa platuni ana watu wapatao thelathini mikononi mwake, anajua nani ana homa na viatu vya nani vimeoza kwa matope, na kumbukumbu zake zimeshikamana na watu hao kuliko na ramani.

Baba alikuwa na daftari dogo la jalada gumu, alilolihifadhi ndani ya kasha pamoja na hati za ndoa. Kila ukurasa una jina la askari, namba yake, kijiji chake na jina la jamaa wa kupelekewa habari, na pembeni mwa baadhi ya majina kuna alama ndogo ya wino mwekundu. Kwa miaka mingi tulipomuuliza alama zile alinyamaza. Siku niliyomsomea majina ya vijiji tu, bila ya kutaja watu, alianza mwenyewe kueleza: huyu wa Tabora alikuwa akiimba usiku, huyu wa Mara alimwachia barua. Sikumkatiza wala sikumuuliza walikufaje. Alifika huko mwenyewe, wiki kadhaa baadaye.

Mzee akishasema, ndipo mnahitaji tarehe za kupangia maneno yake. Mji wa Masaka, ndani ya Uganda, ulitekwa Februari 1979, mapigano ya Lukaya, kwenye barabara ipitayo katikati ya vinamasi, yalikuwa Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni. Mkumbuke pia kwamba mkoa tunaouita Kagera wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, hivyo msishangae kuliona jina hilo katika barua na hati za zamani. Namba ya jeshi nayo husaidia, kwani ya ofisa huanza na herufi P na ya askari wasio maofisa huanza na MT.

Sasa nije kwa jambo ambalo nahisi linapuuzwa kuliko yote, nalo ni mama. Nusu ya maisha ya ofisa vitani iko nyumbani kwake, na aliyeishika nusu hiyo ni mke. Mama alikuwa akiishi kwa wakwe, akisikiliza redio kila jioni na kuchuma karafuu mchana, na ikapita miezi bila ya barua huku akimwambia mkwewe mgonjwa kwamba mwanawe ni mzima na anasalimia. Barua ilipofika haikutaja vita hata kwa neno moja. Baba aliuliza tu kama paa limeshaezekwa makuti mapya kabla ya masika. Haina tarehe, lakini kwa swali hilo la makuti tulijua kwamba iliandikwa kabla ya mvua za Machi. Mama aliyasema haya alipokuwa peke yake na mimi, na nina hakika asingeyasema mbele ya baba, kwa hiyo mhojini kila mmoja peke yake. Muulizeni pia habari za baada ya Juni 1979, kwa kuwa baadhi ya wanajeshi wetu walibaki Uganda mpaka 1981, na mke alikuwa bado anasubiri wakati nchi imeshasherehekea ushindi.

Jengine ni kukubaliana na mzee mapema juu ya yapi yaandikwe na yapi yabaki kwenye familia. Ofisa ana mambo ya jeshi asiyotaka kuyasema, na msimlazimishe. Habari za waliokufa zina jamaa zao Bara, ambao huenda waliambiwa vyengine. Baba ameamua daftari lisichapishwe, ila jamaa ya askari wake yeyote akija kuuliza asomewe ukurasa wa mtu wake, na uamuzi huo ameuandika na kuutia saini. Pateni saini kama hiyo wakati mzee angali hai, kwani baada yake daftari litakuwa la warithi wote, na kila mmoja atakuwa na rai yake.